Miaka Tisa na Mifupa ya Watoto wa Watu

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa kumwambia kipa mwenye mkono uliovunjika achezeshe vidole. Alivichezesha vyote vitano, kimoja kimoja, kama mpiga kinanda wa kanisani, nami nikasimama katikati ya uwanja pale Kikatiti nikatangaza kwa sauti: "Hajavunjika! Mchezo uendelee!" Ilikuwa wiki yangu ya tatu kazini. Watu walipiga makofi, na nikadhani wananipigia mimi.

Kipa huyo, Baraka wa kidato cha pili, alirudi golini akadaka mashuti mawili kwa mkono uleule. Kesho yake asubuhi mama yake alimleta shuleni, Baraka mwenyewe akiwa ameukumbatia mkono wake kama mtu aliyebeba mayai. Juu kidogo ya kifundo, mkono ulikuwa umepinda kama mgongo wa uma.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Shikamoo yako kaa nayo kwanza. Ni wewe uliyesema mwanangu ni mzima?"

"Ni mimi, mama."

"Udaktari umesomea wapi?"

Jibu la kweli lingekuwa "stoo ya mipira".

Ninyi mnaoingia kwenye kazi hii ya huduma ya kwanza shuleni mnapaswa kujua mnayemsoma ni mtu wa namna gani. Nina miaka thelathini na mmoja na nimestaafu. Wenzangu hustaafu wakiwa na mvi na wajukuu. Mimi nimestaafu kwa sababu shule yetu, hapa Elerai, hatimaye imeajiri muuguzi mwenye cheti, na hapo hapakuwa tena na haja ya mtu aliyejifunza mifupa kwa kusoma vitabu chakavu na kutazama video kwenye simu. Walinifanyia sherehe ndogo, wakanipa chupa ya chai. Mkuu wa shule alisema nimetumikia "kwa uangalifu mkubwa". Wanafunzi wa nyuma walicheka. Mtaelewa kwa nini.

Niliajiriwa kutunza vifaa vya michezo: mipira, nyavu, koni, jezi. Siku ya kwanza mkuu wa shule alinikabidhi funguo za stoo, halafu akachomoa begi la huduma ya kwanza chini ya meza yake akasema, "Na hili pia, Ombeni, maana wewe ndiye utakuwa uwanjani." Basi. Ndivyo nilivyokuwa mtu wa afya. Ndani ya begi mlikuwa na mkasi usiokata, bandeji moja iliyokwisha kufuliwa, na chupa tatu za dawa ya kuchua. Hizo chupa tatu ziliniambia kila kitu kuhusu imani ya shule: mtoto akiumia, mchue, asipopona, mchue zaidi.

Nilimpeleka Baraka hospitali mwenyewe, na huko ndiko nilikokutana na mwalimu wangu wa pekee. Mzee Elifuraha alikuwa fundi wa chumba cha plasta, Mmeru mfupi mwenye aproni iliyokauka hadi ingeweza kusimama bila yeye. Alikuwa anamfunga Baraka hogo, yaani plasta ya mkono, huku akiimba tenzi puani, mara akauliza bila kugeuka, "Nani alimwangalia huyu uwanjani?"

"Ni mimi, mzee."

"Ulimpimaje?"

"Nilimwambia achezeshe vidole."

Alicheka mpaka miwani yake ikaingia plasta. "Vidole vinavutwa na kano, kijana. Kano hazina habari na mfupa. Kuku aliyechinjwa naye anachezesha vidole!"

Baraka naye alicheka, huku machozi yakimtoka. Mimi sikucheka. Mimi ni mtu ambaye nikikosea tahajia kwenye ujumbe wa simu, sipati amani siku nzima. Niliomba nije kumtazama mzee akifanya kazi kila Jumamosi. Akasema chumba chake si sinema, lakini nikija na maandazi tutazungumza.

Nilikwenda na maandazi kwa miaka mingi. Nilijifunza kwamba mfupa wa mtoto anayekua hauvunjiki kila mara kama kuni kavu. Wakati mwingine hupinda na kupasuka upande mmoja tu, kama kijiti kibichi cha mparachichi. Nilijifunza kwamba banzi likifungwa lazima lishike kiungo cha juu na cha chini ya pale palipoumia, na kwamba ukishafunga, unabonyeza kucha na kutazama kama wekundu unarudi. Nilijifunza kutochua kitu nisichokijua. Nilinunua daftari, nikachora mifupa yote ya mguu kwa rangi, nikairudia mara nne kwa sababu kisigino hakikunipendeza. Nyumbani nilifunga mabanzi miguu ya meza. Dada yangu Upendo alipika ugali jioni moja akiwa na mkono kwenye kombeo, kwa ajili ya mazoezi yangu, na hadi leo akisimulia habari hiyo anaongeza chumvi ambayo siku ile aliisahau.

Mngetegemea kwamba hapo nilikuwa mtu mzuri wa kazi. Nilikuwa janga.

Kwa kuwa nilikuwa nimewahi kusema "hajavunjika" nikakosea, niliapa kutolisema neno hilo tena. Nilikata maboksi ya karatasi ngumu, yale ya mafuta ya kupikia, nikayakunja kuwa mabanzi ya kila saizi, mkono, mguu, kidole, nikayapanga stoo kama vitabu. Kila aliyeanguka nilimfunga. Mchezaji wa mpira wa pete akisema "aa", nimefika. Kijana mmoja wa kidato cha nne nilimfunga banzi mguu mzima, kuanzia kwenye nyonga, tukambeba watu wanne hadi kwenye gari, na alipofika hospitali wakamtoa mwiba. Mtu wa eksirei akaanza kunisalimia kwa kusema, "Leo umeleta darasa gani?" Wanafunzi waliniita Dokta Boksi. Walidhani sijui. Najua pia kwamba waliwahi kumfunga mbwa wa mlinzi banzi wakampa jina langu.

Na niliweka sheria: yeyote anayesema anaumwa, jina lake linabandikwa ubaoni na hachezi wiki mbili. Hakuna majadiliano. Baada ya mwaka mmoja wa sheria hiyo, wanaokuja stoo kulalamika walipungua sana, wakabaki wawili watatu kwa muhula. Nilikwenda kwa mkuu wa shule nikiwa na daftari langu, nikamwonyesha kwa fahari. "Majeraha yamepungua, mama," nikamwambia. Akanipongeza. Nilitembea siku hiyo kama mtu aliyeponya Arusha nzima.

Sasa nifike kwa Nashipai.

Nashipai alikuwa kidato cha tatu, mkimbiaji wa mita elfu tatu, binti mwembamba wa Nduruma aliyelelewa na bibi yake. Alikuwa anakimbia kama mtu aliyetumwa chumvi na anataka kurudi kabla chakula hakijapoa. Mwaka ule mashindano ya mkoa yalikuwa yanafanyika mjini, na kocha wa kambi moja ya riadha alikuwa amesema atakuja kuwatazama wasichana wa mbio ndefu. Atakayeshika nafasi ya kwanza au ya pili angechukuliwa kambini, asome huko na kukimbia huko. Nashipai alikuwa hajashindwa na msichana yeyote wa mkoa kwa mwaka mzima. Kila mtu alijua nafasi moja ni yake.

Siku tisa kabla ya mashindano nilimwona akishuka ngazi za bwalo kiubavu, kama mbuzi kwenye mteremko. Nikamwita stoo. Alipokaribia nikasikia harufu ya mafuta ya kondoo. Kwa wasiotoka huku: mafuta ya kondoo yaliyoyeyushwa ndiyo dawa ya kwanza ya kila bibi kwa kila mguu.

"Nani amekuchua?" nikauliza.

"Hakuna, Mwalimu." Waliniita Mwalimu usoni.

"Unanukia kama sherehe ya kipaimara, halafu hakuna?"

Akatabasamu kidogo. "Bibi. Wikiendi tu. Misuli imekaza."

"Nionyeshe panapouma. Tumia kidole kimoja."

Hilo nilifundishwa na Mzee Elifuraha, nanyi lishikeni: anayeumwa misuli hukuonyesha kwa kiganja kizima, anapapasa juu na chini. Anayeumwa mfupa hukuonyesha kwa ncha ya kidole, mahali palepale kila mara. Nashipai alipapasa kwa kiganja. Alikuwa mwerevu, alikuwa ameshasikia ninavyouliza wengine. Nikapitisha dole gumba langu mwenyewe taratibu kwenye ugoko, ule mfupa wa mbele chini ya goti. Nilipofika sehemu moja, upana wa shilingi, aliuma ukosi wa sweta yake.

"Ruka kwa mguu huo mmoja."

Hakuruka. Alikaa juu ya mfuko wa mipira akaanza kulia.

"Tangu lini, Nashipai?"

"Juzi."

"Nashipai."

"Tangu kabla ya likizo."

Likizo ilikuwa imekwisha wiki tatu nyuma. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie ili unifunge boksi?" Alisema kwa hasira, kisha akaogopa alichosema, kisha akaamua kuendelea. "Hakuna anayekuambia, Mwalimu. Ase, hata mmoja. Tunachuana bwenini. Salome ana kidole kimevimba tangu muhula uliopita, anakifunga na kingine, anacheza. Ukijua unatubandika ubaoni, na nafasi inachukuliwa."

Nilisimama pale katikati ya maboksi yangu yaliyopangwa kwa saizi. Majeraha yalikuwa hayajapungua. Yalikuwa yamehama.

Kesho yake tulikwenda hospitali, tukafuatana na Mwalimu Godlisten, mwalimu wa michezo. Godlisten si mtu mbaya, msije mkamfikiria hivyo. Ni mtu aliyekuwa hajawahi kuwa na mkimbiaji wa kupeleka taifani, na sasa alikuwa naye. Picha ya eksirei ilitoka safi. Mfupa mweupe, ulionyooka, usio na doa. Daktari aliandika kwamba ufa hauonekani, msichana apumzike, arudi kupigwa picha nyingine baada ya wiki mbili.

Karatasi ilikuwa moja, wasomaji wawili. Godlisten alisoma "ufa hauonekani" akainua mikono juu. "Bwana asifiwe! Anakimbia." Mimi nilisoma "apumzike".

"Ombeni, ndugu yangu," akaniambia kwenye korido, "umeleta watoto wangapi hapa wakakutwa wazima? Nikukumbushe yule wa mwiba?"

"Usinikumbushe."

"Basi mara hii kubali. Picha haina shida. Shida ni wewe."

Na alikuwa na haki, ndiyo iliyonitesa. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimepiga yowe la chui hata paka alipopita. Nani angenisikiliza siku nimemwona chui mwenyewe? Hata mimi sikuwa najiamini. Nilimpeleka Nashipai chumba cha plasta. Mzee Elifuraha aliitazama picha dirishani, akaiweka chini, akapitisha dole gumba kwenye ugoko, na mtoto akashtuka palepale. 

"Ufa kama huu huchelewa kujitokeza kwenye picha," akasema. "Mfupa unapasuka kidogokidogo kwa kupigwa kila siku, kama kikombe cha udongo. Picha itauona ufa mfupa ukianza kujiunga. Leo bado."

"Kwa hiyo umepasuka?" nikauliza.

"Mimi ni fundi plasta, sina macho ya Mungu. Lakini angekuwa mjukuu wangu, asingekimbia. Akikimbia mbio ya mashindano juu ya ufa, mfupa unaweza kukatika kabisa mbele ya hao watu. Halafu hapo hakuna kambi wala mbio."

Fomu ya mashindano ilihitaji sahihi tatu: mkuu wa shule, mwalimu wa michezo, na mtu wa huduma ya kwanza. Mbili zilikuwepo tayari. Siku nne nilitembea na fomu hiyo. Nilisoma kila nilichoweza kusoma. Niliandika sababu za kusaini upande mmoja wa ukurasa na za kutosaini upande wa pili, halafu nikaandika upya kwa sababu mstari wa katikati haukunyooka. Mtoto wa watu anasubiri, mimi natafuta rula.

Siku ya tano bibi yake alikuja kutoka Nduruma, na mkufu wa shanga shingoni na kanga ya kwaya begani. Tulikaa kwenye benchi nje ya stoo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye unayemzuia mtoto?"

"Ndiyo, bibi."

"Mimi nimechunga ng'ombe tangu sijaota meno ya pili. Ng'ombe akivunjika mguu, hatembei. Huyu anatembea. Nimemchua kila alipokuja nyumbani. Alikuwa akilia, lakini dawa ndivyo ilivyo."

Nikamweleza habari ya kikombe cha udongo. Alisikiliza akiwa amekunja uso, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo nilikuwa namuumiza?"

Ningeweza kunyamaza, na lawama ingebaki kwa mama mzee na kopo lake la mafuta. Nakiri kwamba nilifikiria hivyo, kwa muda wa kama pumzi mbili.

"Hapana, bibi. Ni mimi. Angekuja kwangu siku ya kwanza, angepumzika kidogo na sasa angekuwa anakimbia. Hakuja kwa sababu aliniogopa. Niliweka sheria mbaya."

Akaivuta kanga yake begani. "Sasa mbona unaniambia mimi? Kamwambie yeye."

Nikamwambia. Nilimkuta Nashipai kwenye bomba, anafua soksi. Nilisema kosa ni langu, sheria ya ubaoni nimeifuta, na kwamba pamoja na hayo yote sitasaini.

"Na picha ya pili ikitoka safi tena?" akauliza, bila kuinua macho.

"Nitakuwa nimekunyang'anya mbio zako bure."

"Halafu utafanya nini?"

"Sijui."

"Hata hujui." Alikamua soksi kana kwamba ni shingo yangu. "Nenda, Mwalimu. Tafadhali."

Sikusaini. Siku ya mashindano msichana ambaye Nashipai alikuwa amemshinda mara tatu alishika nafasi ya pili akaenda kambini. Nashipai hakuja uwanjani. Godlisten alikuja, akakaa safu ya mbele yangu, na hakugeuka hata mara moja.

Wiki mbili zilipotimia tulirudi hospitali. Mzee Elifuraha aliibandika picha mpya kwenye kioo cha taa. Katikati ya ugoko kulikuwa na uzi mwembamba, na pembeni yake mfupa umevimba kidogo, kama fundo la mwanzi.

Mnastahili ukweli, basi huu hapa: nilifurahi. Mfupa wa mtoto una ufa, na moyo wangu ulirukaruka kwa shangwe, kwa sababu sikuwa nimekosea. Nilitabasamu hadi masikioni. Mzee Elifuraha aliniona kwenye kioo.

"Futa hilo tabasamu kabla hujageuka," akaninong'oneza. "Mwenye mguu yuko nyuma yako."

Katika miaka tisa, hakuna neno nililofundishwa lililonifaa kuliko hilo. Kutaka kuwa sahihi ni ugonjwa. Ulinifanya nimtangaze Baraka mzima, ulinifanya niwafunge wazima mabanzi, na siku ile ulinifanya nishangilie ufa. Nilijifuta uso kwa mkono, kweli kabisa, kama mtu anayefuta makombo, ndipo nikageuka.

Nashipai aliitazama picha. "Kwa hiyo ningekimbia ungekatika?"

"Huenda," nikasema. "Sina hakika."

Nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia mwanafunzi maneno hayo bila kutokwa jasho.

Alipumzika miezi miwili. Mama mlezi wa bweni ndiye aliyegundua kwamba alikuwa analala bila kula ili awe mwepesi, akawa anakaa naye mezani mpaka sahani inaisha. Njaa nayo hudhoofisha mfupa, na hilo mimi na daftari langu lote hatukuliona. Nashipai alianza kwa kutembea, halafu kukimbia kwenye majani na si kwenye changarawe. Mwaka uliofuata alikimbia mashindano ya mkoa akashika nafasi ya tatu. Kambi ilichukua wawili. Wakati namvua kadi ya namba mgongoni alisema, "Mwaka jana nilikuwa na kasi zaidi, Mwalimu," nami nikasema, "Ndiyo, ulikuwa nayo." Sasa yuko chuo cha ualimu. Hunitumia salamu sikukuu, na sijawahi kumuuliza kama alinisamehe, kwa kuwa najua ningemuuliza kwa ajili yangu.

Baada ya hapo tulifanya hivi, na naomba mwendelee hivyo. Mchezaji anayeumwa hukaa na mimi na mwalimu wa michezo, watatu, yeye akizungumza wa kwanza. Akipumzishwa, habaki bwenini: anavaa jezi, anasafiri na timu, na nafasi yake inamngoja. Salome alikuwa wa kwanza kuja, na kidole chake kilichopona kikiwa kimepinda, kitabaki hivyo.

Kwa hiyo mkiniuliza nini kimebadilika tangu wakati ule, sitasema watoto hawaumii. Wanaumia vilevile. Ila muhula wangu wa mwisho walikuwa wanakuja karibu kila siku, wengi bila tatizo lolote, na yule mmoja mwenye tatizo alikuja siku ileile mguu ulipoanza kumuuma.